Kikohozi cha Mshika Kibendera

Kwanza niseme jambo moja, msije mkanionea huruma bure: mimi nilikuwa refa mzuri. Nalisema mwenyewe kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kulisema.

Mashabiki waliniita Gramu. Jina hilo lilitokana na kazi yangu ya siku za juma, maana urefa, hata wa ligi kuu, haulishi familia. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Nazunguka masokoni na madukani na sanduku la mbao lenye mawe ya kupimia, kila jiwe limelala kwenye shimo lake, naweka jiwe la kilo juu ya mizani ya mtu na kutazama mshale. Mshale ukisema kilo, nagonga muhuri. Ukisema vingine, naifunga mizani kwa waya na lakiri, na mwenyewe anabaki ananitazama kama nimemfungia mtoto ndani. Siku moja muuza mchele mmoja alinitambua uwanjani akapiga kelele, "Gramu! Leo umekuja na mawe yako?" Jukwaa zima likadakia. Tangu hapo jina langu la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu. Sitawadanganya, nililipenda lile jipya. Niliona ni jina la mtu wa haki. Nikaanza kutembea kifua mbele mpaka mke wangu akaniuliza kama mgongo unaniuma.

Msimu ule ulikuwa wa mwisho kwangu. Refa naye ana umri wake, ukifika anaambiwa asante na kupewa saa ya ukutani. Nilikuwa nimechezesha mechi za kila aina isipokuwa moja, fainali ya kombe. Kila mwaka ilinipita, na kila mwaka niliwaambia watu kwamba wakubwa wananihifadhi, kama mtu anavyohifadhi sahani nzuri kabatini. Basi mwaka ule kamati ya waamuzi ikaniita kweli. Mwenyekiti hakuzunguka mbuyu.

"Gramu, Jumamosi utachezesha mechi ya vinara wa ligi wakiwa ugenini. Mtathmini atakuwepo. Ukitoka salama, fainali ni yako."

Nilitoka pale kichwa kimevimba. Kuanzia siku ile nikawa nafanya mazoezi ya fainali mbele ya kioo cha saluni ya mke wangu. Sizungumzii kukimbia. Nilikuwa najifunza kuinamisha shingo kupokea medali, maana waamuzi nao huvishwa. Wateja wenye vibiringisho kichwani walikuwa wakinitazama kupitia kioo. Mwisho mke wangu akasema, "Baba watoto, hiyo medali wakishakuvisha, uniachie kioo."

Ijumaa, siku moja kabla ya mechi, nilikwenda kukagua bucha moja pale sokoni. Mwenye bucha ni jitu la vicheko, mnazi mkubwa wa hao vinara, na nyama yake ni nzuri. Mizani yake ndiyo ilikuwa na kigeugeu. Niliweka jiwe la kilo, mshale ukapita. Nikaondoa, nikaweka tena, mshale haukufika.

"Mkaguzi, hiyo haina neno," mwenye bucha akasema huku akifuta kisu. "Asubuhi inapunja, mchana inazidisha. Ikifika jioni imesawazika yenyewe. Mungu si Athumani."

Wateja wakacheka. Na mimi hadhira nikiipata huwa siwezi kujizuia. Nikanyoosha kidole juu kama niko uwanjani nikasema, "Mteja wa asubuhi hashibi kwa nyama ya mteja wa mchana!"

Mama mmoja akaitikia, "Kweli kabisa." Nikaifunga mizani kwa waya na lakiri, nikafunga sanduku langu, nikaondoka taratibu ili wapate nafasi ya kunitazama vizuri. Njia nzima nilikuwa nayarudia yale maneno kimoyomoyo. Yalikuwa maneno mazuri sana, na nilidhani yanamhusu mwenye bucha peke yake.

Jumamosi, kwenye chumba cha waamuzi, niliwaketisha wasaidizi wangu kwa kikao. Kila refa ana namna yake ya kikao. Wengine huuliza habari za nyumbani, wengine husali. Mimi nilikuwa nahutubia. Mshika kibendera wa upande wa pili alikuwa bwana mmoja mkimya asiyehitaji kutajwa tena. Wa upande wa jukwaa kuu alikuwa dada mmoja ambaye kazi yake ya siku zote ni uuguzi, na kwa hiyo tulimwita Sista. Ana macho ya watu wa wodini, yale yanayoona dripu imesimama kabla mgonjwa hajajua.

"Ndani ya kumi na nane," nikawaambia, "macho ni yangu. Sitaki kibendera kinyanyuke kabla sijakuangalia. Na hivi vidude vya masikioni si redio. Sitaki gumzo. Mtu aongee nikimwuliza."

Sista akainua mkono. "Kaka, na kama kuna kitu nimekiona na wewe hujakiona?"

"Dada yangu," nikamjibu kwa sauti ya upole, ile sauti ya kuudhi, "nisipokiona mimi, hakipo."

Leo nikiikumbuka sentensi hiyo natamani kuingia chini ya kitanda.

Mechi ikaanza. Wenyeji walivaa jezi za michirizi, wageni walivaa nyeupe. Wenyeji walikuwa wanapigania kutoshuka daraja, wageni wanautaka ubingwa, kwa hiyo kila mpira uliotoka nje uligombewa kama urithi. Mzee Mwavuli, mtathmini wetu, alikuwa amekaa jukwaani juu kabisa na mwavuli wake mweusi, anaoutembeza jua liwake lisiwake. Nilijua aliko tangu dakika ya kwanza. Refa hatakiwi kumtafuta mtathmini kwa macho, lakini jino linalouma ndilo ulimi unalolifuata.

Kuelekea mapumziko, mshambuliaji wa wenyeji aliingia kwenye kumi na nane na beki wa wageni nyuma yake. Mimi nilikuwa nyuma ya wote wawili, nimechelewa kidogo, sababu nilikuwa nimekimbia kwa madaha zaidi kuliko kwa kasi. Niliona mguu. Niliona mtu anaanguka. Nikapuliza filimbi, nikanyoosha mkono kwenye alama ya penalti, na mkono huo nikaunyoosha vizuri, maana ndio mkono niliokuwa nikiufanyia mazoezi kwenye kioo.

Uwanja ukalipuka. Wageni wakanizunguka kama nyuki. Yule aliyeanguka alikuwa bado yuko chini, ananitazama kwa mshangao wa mtu aliyeokota kitu barabarani na hajui akitie mfukoni ama akitangaze.

Na hapo, katika sikio langu, mtu akakohoa.

Nikamtupia Sista jicho kwa mbali. Alikuwa amesimama wima kwenye mstari wake, kibendera chini, uso haueleweki. Nikajisemea: mafua hayo, na upepo huu. Akakohoa tena. Nikamwonea huruma. Nikawaza kwamba baada ya mechi nimshauri anywe maji ya moto. Penalti ikapigwa, nyavu zikatikisika, wenyeji wakaongoza bao moja, na mimi nikarudi katikati kwa hatua za mtu mwenye fainali yake.

Mapumziko tulipoingia chumbani nikamwuliza, "Dada, kifua vipi?"

"Kifua kizima."

"Mbona ulikuwa unakohoa?"

Akaweka chupa ya maji chini. "Kaka, ulisema nisiongee mpaka uniulize. Hukuniuliza. Ningefanya nini? Yule mtu alijikwaa mwenyewe. Beki hakumgusa hata uzi. Nilikuwa sambamba nao, nimeona kwa macho yangu haya."

Jasho jembamba likanitoka, na lile la kukimbia lilikuwa limeshakauka.

"Na ukakohoa," nikasema.

"Nikakohoa mara mbili."

Hapo lazima niwaeleze sheria, na ni fupi. Refa anaweza kubadili uamuzi wake kabla mchezo haujaendelea. Mchezo ukishaendelea, basi, maji yamemwagika. Wakati Sista anakohoa mara ya kwanza, ile penalti ilikuwa bado mali yangu, ningeweza kuifuta. Nilikuwa na nafasi yote ya kufanya haki, nikaitumia kufikiria maji ya moto.

Tulipotoka kwenda kipindi cha pili, nahodha wa wageni alinisubiri kwenye kile kinjia cha kuingilia uwanjani. Ni kijana mwerevu, hana matusi. Akaniinamia kidogo kwa adabu. "Mwamuzi, tunajua wewe ni mtu wa haki. Tunakudai moja."

Nikampita. Lakini nilijua anachosema, na kila mtu kwenye mpira anakijua. Kinaitwa kusawazisha. Refa akigundua amekosea huku, anatafuta cha kuwapa wale wa kule. Anguko dogo, mkono uliogusa jezi, chochote. Hakiandikwi popote na hakuna anayekifundisha, lakini makocha wanakihesabia kama wanavyohesabia kona. Wapo waamuzi wanaosifiwa kwa hicho hicho. Na mimi nakwambieni nilikitamani. Ningewapa wageni kitu kidogo tu, mambo yangekuwa sawa, Mzee Mwavuli angeandika kwamba mechi ilikuwa ngumu, na Gramu angepata medali yake.

Shida yangu ni kwamba nilikuwa nimeshamnyooshea mtu kidole bucha zima likisikia. Mkuki kwa nguruwe. Kila nilipotaka kusawazisha nilikuwa naiona mizani ya mwenye bucha na lakiri yangu inaning'inia.

Kwa hiyo nikakataa. Wageni wakaanza kuanguka kwenye kumi na nane kama embe za upepo. Mmoja akaanguka bila mtu karibu naye, akabaki chini ananikonyeza. Nikawapungia wote waamke. Nilijiona shujaa, na hilo linapaswa kuwaonyesha kwamba sikuwa nimejifunza kitu.

Kisha mwishoni mwishoni, wenyeji wakiwa wameshaanza kupoteza muda, kona ikapigwa upande wa Sista. Watu wakasongamana mbele ya goli. Mgongo mpana wa beki mmoja ulikuja mbele yangu na nikawa nautazama huo mgongo tu, na namba yake. Nyuma ya mgongo nikasikia kishindo, na jukwaa la wageni likasimama lote. Mpira ukatoka nje.

Masikioni, kimya. Halafu, kwa mbali, mtu anasafisha koo.

Nikasimama. Mara ya kwanza siku ile nikaweka kidole kwenye kile kidude. "Sista, sema."

"Penalti," akasema. "Amemvuta jezi kwa mikono miwili mpaka chini. Mpira ulikuwa unamjia. Naapa, kaka."

Nilimwamini. Sikuwa na chembe ya shaka. Nilichokuwa nacho ni hesabu. Nikinyamaza, wenyeji wanashinda, uwanja unanishangilia, hakuna atakayenilaumu kwa jambo lililotokea nyuma ya msongamano. Nikiita, dunia nzima itasema Gramu amesawazisha. Nilikuwa nimekataa za uongo zote, na sasa ya kweli imekuja, imevaa nguo za uongo, inabisha hodi. Nilihisi hasira, nawaambia kweli. Nilimkasirikia yule beki kwa kutokuwa na akili ya kuvuta jezi kipindi cha kwanza.

Nikapuliza filimbi. Mkono niliounyoosha mara hii haukuwa na madaha yoyote.

Wageni wakafunga, ikawa bao moja kila upande, na mechi ikaisha hivyo. Chupa za maji zilianza kutua, nyingine zikiwa na maji, nyingine sikuthubutu kuuliza zina nini. Askari wakatuzungushia ngao. Jukwaa la wenyeji likaimba kwamba Gramu mizani yake ina mkono. Jukwaa la wageni likaniimbia kunisifu, na sifa zile ziliniuma kuliko matusi. Yule nahodha akanipa mkono, akaniminya vidole. "Ahsante, mwamuzi. Tumelipana." Nikataka kumwambia hatujalipana chochote, lakini askari alikuwa ananisukuma kwa ngao.

Mzee Mwavuli aliingia chumbani taratibu, akaegemeza mwavuli wake ukutani, akakaa. Alichezesha mpira enzi hizo refa anavaa suruali za mikunjo. Nilikuwa nimevua kiatu kimoja.

"Gramu," akasema, "penalti ya kwanza nakupa heko. Hukusita, hukubabaika, mkono ulinyooka. Hivyo ndivyo. Televisheni wameirudia, na kwa upande wa kamera yao mguu unaonekana kabisa umemkuta."

"Ahsante, mzee," nikasema.

"Ya pili, hapana. Ya pili umesawazisha. Mtu anayesawazisha mimi namjua hata kwa kusimama kwake. Ulisimama. Ukafikiri. Refa mwenye hakika hafikiri." Akamgeukia Sista. "Na wewe binti nilikuona mdomo unacheza. Refa alikuwa ameuacha mchezo upite, ukamtia maneno. Hilo nitalishusha kwako, alama zitakatwa hapo. Gramu tutasema alipotoshwa na msaidizi. Ya kwanza ilikuwa nzuri mno, siwezi kumnyima mtu fainali kwa kosa la kupotoshwa."

Mmesikia? Fainali ilikuwa imewekwa mezani, imekatwakatwa, nilichotakiwa ni kufungua mdomo na kula. Au tuseme kuufunga.

Sista alikuwa anakikunja kibendera chake polepole, kingo kwa kingo, kama wanavyokunja shuka za wodini. Hakuniangalia. Nilijua hatakohoa.

Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama kishujaa. Sikusimama, nilikuwa na soksi moja iliyotoboka na sikutaka ionekane. Wala sikusema mara moja. Kwanza nilitafuta njia ya tatu, njia ambayo Sista haguswi na mimi nabaki na fainali yangu. Niliitafuta kwa juhudi sana. Haikuwepo.

"Mzee," nikasema, "umezigeuza."

"Nimegeuza nini?"

"Penalti. Ya kwanza ndiyo mbovu. Yule mtu alijikwaa, Sista aliona, mimi ndiye niliyemkataza kusema. Ya pili ni ya kweli tupu. Aliyeiona ni yeye, na mimi nilimwuliza. Mechi nzima hakuna aliyeona sawasawa isipokuwa yeye."

Mzee Mwavuli akanigeukia. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyeletewa chai akakuta ina chumvi.

"Kwa hiyo unaniambia makosa ni mawili," akasema.

"Ni moja, mzee."

"Mawili. La kwanza umelikiri mwenyewe. La pili nimeliona mimi, hukuwa na hakika mpaka ukaambiwa."

"Lakini ya pili ilikuwa sahihi!"

"Inawezekana," akasema, akauchukua mwavuli wake. "Ila ilifanana sana na ya uongo."

Alipotoka, Sista akasema, "Kaka, sasa ulikuwa na haja gani?"

"Sijui," nikamjibu, na sikuwa najua.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia yote, maana saluni ina televisheni na wateja wana waume. Aliniwekea chakula, akakaa mbele yangu, akasubiri nimeze tonge la kwanza.

"Ile ya pili ilikuwa kweli?"

"Kweli."

"Nilijua. Nimewaambia wateja: mume wangu hawezi kusawazisha. Tangu tuoane nasubiri asawazishe zamu za vyombo, hajawahi." Akanisogezea maji. "Na ile ya kwanza?"

"Ile ya kwanza nilikuwa naringa."

"Hiyo nayo nilijua," akasema, akainuka kwenda kutoa nguo kambani. Nilikula chakula chote. Ukimwacha Sista, ilikuwa mara ya kwanza siku ile kukaa na mtu aliyezipima penalti zote mbili sawasawa, na hakuwa ameziona uwanjani.

Juma lililofuata nilirudi bucha kukagua ile mizani, ikiwa imeshatengenezwa. Mwenye bucha aliniona kwa mbali akapanua mikono, kisu kikiwa bado mkononi, wateja wakakwepa.

"Mkaguzi! Mtu wa haki! Kipindi cha kwanza umetupunja, cha pili ukatuzidishia. Si ndiyo yale yale niliyokwambia?"

"Sikusawazisha," nikasema.

"Usione haya!"

"Ile ya pili ilikuwa penalti halali. Alivutwa jezi."

"Sawa, sawa," akasema, akiwakonyeza wateja. "Alivutwa jezi."

Nikaweka jiwe la kilo. Mshale ukaja ukasimama panapostahili, haukucheza hata unywele. Nikaliondoa, nikarudisha, vilevile. Ilikuwa mizani nzuri kuliko refa aliyekuwa mbele yake. Nikagonga muhuri wangu na kununua nyama ya nyumbani. Alipomaliza kupima akachomoa kipande kinono, akakitupia juu. "Na hiki ni cha kusawazisha." Nikakitoa, nikamrudishia. Wateja wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Yule mama aliyewahi kuitikia maneno yangu alikuwepo, na yeye ndiye aliyecheka zaidi.

Fainali akapewa refa mwingine, kijana wa nywele za kung'aa. Mimi nilipewa saa ya ukutani. Sasa sikilizeni hili. Kamati ilipokaa na ripoti ya Mzee Mwavuli, ikaona kwamba katika mechi ile yote kulikuwa na mtu mmoja tu asiyekosea, na mtu huyo amethibitishwa na refa mwenyewe kwa mdomo wake. Ikampa Sista kibendera cha fainali. Alinipigia simu asubuhi ya siku yenyewe. Nyuma yake nilisikia matoroli ya wodini, alikuwa anamalizia zamu.

"Kaka, huyu kijana jana ametufanyia kikao," akasema. "Amesema ndani ya kumi na nane macho ni yake."

Nikafumba macho. "Amesema asichokiona hakipo?"

"Karibu na hivyo. Nifanyeje? Nipe neno, wewe ni mkubwa wangu."

Nilikuwa na maneno mengi, maana mimi maneno hayanipungukii. Nilikuwa na hotuba nzima. Lakini nilichopata kusema ni, "Dada, usikohoe."

Fainali niliitazama saluni, kwenye kiti cha mwisho chini ya lile dude la kukaushia nywele, kwa sababu viti vingine vilikuwa na wateja. Saa yangu mke wangu alikuwa ameitundika juu ya kioo kile kile, na nakiri inakaa vizuri. Waamuzi walipoingia uwanjani shingo yangu iliinama yenyewe. Roho iliniuma. Siwezi kusema haikuniuma.

Kipindi cha pili, bado hawajafungana, mshambuliaji akaanguka kwenye kumi na nane. Kijana wa nywele akapuliza filimbi, akanyoosha mkono wake. Mkono mzuri, ulionyooka. Nikaufahamu ule mkono. Na kule kwenye mstari, kabla Sista hajaulizwa, kabla hajaangaliwa, kibendera kikapanda juu, kikapepea. Refa akampungia akishushe. Hakikushuka. Wachezaji wanamzonga, uwanja mzima unamzomea, na yeye amesimama na kile kitambaa juu kama mtu anayesimamisha gari kwa ajili ya mgonjwa. Mpaka yule kijana akakubali kwenda. Wakaongea. Nikaona mdomo wa Sista unacheza. Kijana akarudi, akatikisa mikono: hakuna penalti.

"Kibendera kipofu huyo!" mteja mmoja akapiga kelele, vibiringisho vikamdondoka. "Kahongwa!"

"Mwanamke ataona nini kutoka kule?" akadakia mwingine, naye ni mwanamke.

Mimi nilikuwa nimesimama. Sikumbuki nilisimama saa ngapi. Nilikuwa nimeinua mkono juu, nimekamata taulo la saluni, nalipepea, na machozi yananitoka bila aibu mbele ya watu waliokuja kusukwa tu. Sijawahi kufurahi hivyo kwenye mechi yoyote niliyochezesha mwenyewe.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "kaa chini, unawazibia watu televisheni."

Nikakaa.